Shad Thames: Yasemwayo na Yaliyopo

Baridi ikishalegea London, mimi huanza kupokea wageni. Shangazi, binamu, mtoto wa jirani aliyekuja kwa kozi ya wiki tatu. Nyumba ni ndogo lakini godoro la akiba lipo, na tukishamaliza kasri la mfalme na ile saa kubwa, huwapeleka mahali ninapopapenda mwenyewe: Shad Thames, mtaa mwembamba wa maghala ya matofali, kusini mwa mto Thames, hatua chache mashariki ya Tower Bridge. Kwa miaka mia hivi palikuwa pa gunia na pipa. Siku hizi pana sifa ya vitambaa vyeupe mezani, na bili ambayo mtu huisoma mara mbili akidhani macho yamemdanganya.

Nimewasikia wageni wakielezana mambo kuhusu mtaa huu, na wenyeji wetu wa huku, ambao kwa uzushi ndio vinara. Baadhi ni nusu ya kweli. Baadhi hayana hata hiyo nusu.

Dhana: “Shukia London Bridge, daraja lenye minara utaliona hapo hapo”

Hutaliona hapo hapo. London Bridge ni daraja la zege, pana na bapa, lisilo na urembo wowote. Lile la kwenye kadi za posta, lenye minara miwili na barabara inayonyanyuka meli zikipita, ni Tower Bridge, lililofunguliwa 1894. Ukishukia kituo cha London Bridge unatembea robo saa hivi kando ya mto. Ukishukia Tower Hill unavuka Tower Bridge kwa miguu, bila kulipa chochote, na ng'ambo ya pili unateremka ngazi upande wa kushoto. Umefika.

Dhana: “Kule ni kwa wenye pesa tu”

Hii ndiyo inayowanyima watu wengi matembezi mazuri. Binamu yangu mmoja, miaka minane yuko London, hajawahi kukanyaga pale kwa sababu aliambiwa atauza figo kwa sahani ya samaki.

Cha kulipia pale ni chakula, basi. Barabara ni ya watu wote, njia ya kando ya mto ni ya watu wote, na mabenchi hayana mlinzi. Lakini hilo halikujileta. Maghala yalipogeuzwa fleti ilikuwa rahisi sana kwa wenye majengo kuufungia mto nyuma ya mageti. Ukianzia upande wa daraja, kabla hujaingia sana mtaani, utaona kichochoro kinachopenya katikati ya majengo kwenda mtoni, na kibao chake kimeandikwa Maggie Blake's Cause. Maggie Blake alikuwa mwanaharakati wa hapo aliyepigania ufukwe ubaki wazi kwa wakazi na wageni. Watu wanapiga picha mbele ya kibao wakidhani ni jina la baa.

Tuje kwenye kula kwenyewe, maana ndiko kunakotisha. Menyu nyingi hubandikwa nje pamoja na bei, kwa hiyo isome ukiwa umesimama, si ukiwa umekaa na mhudumu amekuinamia. Menyu ya mchana ya bei maalumu huwa nafuu kuliko ya usiku, na jiko ni lile lile. Mahali penye leseni ya kuuza pombe ya kunywewa hapo hapo panalazimika kisheria, hapa England, kukupa maji ya bomba bure ukiomba. Omba kwa sauti. Ukinyamaza utaletewa chupa, na chupa ina bei. Mwisho wa bili utakuta ada ya huduma, mara nyingi asilimia 12.5, na pembeni imeandikwa kwamba ni ya hiari. Hiari maana yake hiari: kama ulihudumiwa vibaya unaweza kuomba iondolewe. Kama ulihudumiwa vizuri, iache. Tangu Oktoba 2024 sheria inamtaka mwajiri awape wafanyakazi bakshishi hiyo yote.

Mimi niliungua kwa jambo jingine. Nilibuku meza ya watu sita, nikaandika namba ya kadi ya benki kama nilivyoombwa. Siku ilipofika wawili wakapatwa na homa. Tukaenda wanne, tukala vizuri, tukacheka, na kesho yake nikakuta nimekatwa pauni kadhaa kwa kila kiti kilichobaki kitupu. Nikapiga simu kulalamika. Dada aliyepokea akanisomea masharti kwa upole kabisa, kumbe yalikuwepo siku zote, kwa herufi za miguu ya sisimizi. Mkipungua, piga simu mapema. Wengi wanakuelewa ukisema siku moja kabla.

Na asiyetaka mambo ya vitambaa vyeupe aende Maltby Street, mwendo wa dakika kumi hivi kuingia ndani ya kitongoji cha Bermondsey. Mwishoni mwa wiki kuna soko la chakula chini ya matao ya reli, unakula umesimama, mchuzi unakutiririka kiwikoni. Matao hayo yamebeba reli ya kwenda Greenwich, iliyofika London Bridge mwaka 1836, reli ya kwanza kabisa ya jiji hili.

Dhana: “Mwislamu hana chake pale zaidi ya saladi”

Chake kipo, ila aulize. Kosa la wengi ni kuagiza samaki na kujiona wamesalimika, kumbe mchuzi wa samaki umepikwa kwa mvinyo mweupe. Uliza mambo mawili: nyama imechinjwaje, na ndani ya mchuzi kuna nini. Wahudumu wa mikahawa ya namna hii wamezoea maswali, kuna wateja wanaouliza hata karanga ilisagwa kwenye mashine gani. Hutaonekana mshamba.

Dhana: “Jengo la Karafuu lilikuwa la karafuu, la Mdalasini la mdalasini”

Hapa ndipo ninapopenda kukaa.

Ukipita mtaani utasoma majina ukutani: Cinnamon Wharf, Cardamom Building, Clove Building, Saffron Wharf, Tamarind Court, Vanilla and Sesame Court. Mdalasini, hiliki, karafuu, zafarani, ukwaju, vanila na ufuta. Ni kama umeingia duka la Darajani, kule Unguja. Mara ya kwanza nilipomleta shangazi yangu wa Wete, Pemba, nikamtafsiria moja moja. Tulipofika Maguire Street nikamwonesha Clove Building. Akalitazama kutoka chini mpaka juu, akavuta pumzi kwa pua, akasema, “Mwanangu, karafuu gani hii isiyonuka?”

Wapo wanaosema majina yote ni mapambo ya mawakala wa nyumba. Si kweli: viungo vilikuwepo tena kwa wingi, na wakazi wa kwanza walioingia kwenye fleti miaka ya 1980 walisimulia kuwa kuta bado zilinukia. Wapo wanaosema kila jengo lilikuwa na kiungo chake. Hiyo nayo ni hadithi. Ghala la gatini halichagui mzigo. Linapokea kilichofika: chai, kahawa, sukari, nafaka, mpira, pilipili manga. Majina matamu tunayoyasoma leo yalinogeshwa sana wakati wa kuuza fleti, na hakuna aliyefikiria kuita jengo lake kwa jina la mpira.

Kitu kikubwa kuliko vyote hapa kilikuwa chai. Butler's Wharf, lile jengo kubwa linalotazama mto, lilijengwa kati ya 1871 na 1873 na likatajwa kuwa ghala kubwa la chai kuliko yote duniani. Chai ya dunia ilipigiwa mnada London tangu 1679, na mnada huo ukafungwa kabisa Juni 1998, wakati chai ya Kenya na jirani zake ilikwishazoea kuuzwa Mombasa. Kwa hiyo anayekunywa kikombe cha “chai ya Kiingereza” pale mtoni kwa bei ya kilo nzima ya majani, huenda anakunywa ya Kericho.

Turudi kwenye karafuu. Tazama hiyo miaka, 1871 hadi 1873. Wakati matofali ya Butler's Wharf yanapangwa, Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja na kuing'oa mikarafuu karibu yote. Pemba ikanusurika, na tangu hapo Pemba ndiyo ikawa shamba kubwa. Juni 1873, ghala likiwa linamalizika huku, Sultani Barghash akatia saini mkataba na Waingereza wa kufunga soko la watumwa la Zanzibar. Soko lilifungwa, utumwa wenyewe mashambani uliendelea mpaka amri ya 1897. Karafuu zilizofika masoko ya London miaka hiyo zilichumwa na mikono ya watu ambao hawakuwa huru. Hilo halijaandikwa kwenye kibao chochote nilichokiona pale. Na Clove Building lenyewe, ukitaka kuwa mkali, ni ghala la zege la karne ya 20. Halikuwepo.

Shangazi yangu alianika karafuu juu ya majamvi tangu akiwa mtoto. Anajua iliyokauka sawasawa kwa kuivunja na kuisikiliza. Nilipomwambia fleti moja ndani ya jengo kama lile huuzwa kwa bei gani, hakushangaa kama nilivyotarajia. Aliuliza tu kama wanaokaa humo wanajua mkarafuu unafananaje.

Dhana: “Vile vidaraja vya juu ni urembo”

Inua kichwa. Juu ya barabara, kutoka ghala la upande wa mto hadi ghala la upande wa pili, vimepita vidaraja vyembamba vya chuma, kimoja juu ya kingine, vingine vimekwenda mshazari kana kwamba fundi alipima akiwa na usingizi. Watalii wanavipenda, mabibi harusi wanapigwa picha chini yake. Mgeni wangu mmoja aliapa kwamba viliwekwa na mbunifu wa kisasa ili mtaa upendeze.

Vilikuwa vya kazi. Mzigo ulipandishwa kutoka mtoni kwa winchi za ukutani, ukaingizwa kwenye milango ya ghala la mbele, kisha mapipa na magunia yakavushwa hapo juu mpaka maghala ya nyuma, kwa sababu barabara chini ilikuwa imeziba kwa mikokoteni na farasi. Simama katikati ya mtaa utazame uwazi kati ya kuta mbili. Ni mwembamba, mwanga wa jua hufika chini kwa saa chache tu. Sasa fikiria pipa linabingirishwa juu ya kichwa chako, na chini hamali wanapishana.

Hamali wenyewe kwa miaka mingi walichaguliwa asubuhi kwa asubuhi, aliyenyooshewa kidole anapata kazi, asiyenyooshewa anarudi nyumbani mikono mitupu. Utaratibu huo wa vibarua ulikomeshwa 1967. Miaka mitano baadaye kazi yenyewe ikaisha.

Leo vidaraja vingi ni vibaraza vya watu. Utaona sufuria za maua, na baiskeli.

Dhana: “Vita ndivyo vilivyoua magati”

Mabomu yaliipiga sana Bermondsey, lakini baada ya vita magati yalirudi kazini. Kilichoyaua ni sanduku. Kontena lilipoingia, mzigo uliokuwa ukihitaji kundi zima la hamali na siku kadhaa ukashushwa kwa kreni moja, na meli za makontena ni kubwa mno kupanda mto hadi mjini. Kazi ikahamia Tilbury, chini kuelekea baharini. Butler's Wharf likafungwa 1972. Bandari yoyote ya Afrika Mashariki ina wazee wa kukusimulia kisa hicho hicho kwa majina mengine.

Dhana: “Tajiri mmoja alikuja akanunua, mtaa ukageuka”

Tajiri yupo, jina lake Terence Conran, mbunifu wa samani na mwenye mikahawa, aliyefariki 2020. Lakini hakukuta jangwa. Maghala yalipoachwa matupu waliingia wasanii, wakapanga ghorofa nzima nzima kwa kodi ndogo. Derek Jarman, mtengenezaji filamu, aliishi humo. Mwaka 1979 moto ukazuka na maisha hayo yakaisha. Mwaka 1981 serikali ikaunda shirika la kuendeleza eneo la bandari za London, na hapo ndipo Conran na wenzake wakapata nafasi yao.

Na haikuwa mteremko. Bei za nyumba ziliporomoka, na mwaka 1990 kampuni iliyoendesha mradi wa Butler's Wharf ikawekwa mikononi mwa wafilisi. Cha ajabu, mikahawa iliyoupa mtaa sifa ilifunguliwa katika kipindi hicho hicho cha ukata: Blueprint Café 1989, Le Pont de la Tour 1991, Cantina del Ponte 1992, Butlers Wharf Chop House 1993. Mei 1997 Tony Blair, akiwa na wiki chache tu madarakani, alimpeleka Bill Clinton kula Le Pont de la Tour, pamoja na wake zao. Baada ya hapo mtaa haukuhitaji tangazo.

Wala usidhani kila aliye jirani ni tajiri. Tembea kidogo tu kuelekea Jamaica Road utakutana na nyumba za halmashauri, zikiwemo zile za Dickens Estate, nguo zimeanikwa na watoto wanacheza mpira.

Dhana: “Makumbusho ya usanifu yako pale mtoni”

Yalikuwepo. Design Museum ilifunguliwa 1989 ndani ya ghala la zamani la ndizi, likapakwa rangi nyeupe likawa kama meli. Ilihamia Kensington mwaka 2016. Vitabu vya zamani vya watalii bado vinawapeleka watu pale, na nimewakuta wakizunguka jengo wakitafuta mlango.

Dhana: “Sanamu ya farasi ni ya vita fulani”

Jacob, farasi wa shaba aliyesimama Queen Elizabeth Street, hakupigana na mtu. Anawakumbuka farasi wa kukokota mikokoteni ya bia ya kiwanda cha Courage, kilichoanzishwa 1787 kando ya mto na kufungwa 1981. Sanamu ililetwa 1987 ikining'inia chini ya helikopta. Watoto wanampenda kuliko daraja.

Dhana: “Mto ule ni maji taka, na ufukweni hakuruhusiwi”

Rangi ya kahawia ni tope, si uchafu wa vyoo. Mwaka 1957 wataalamu waliutangaza mto kuwa umekufa. Leo una samaki, na sili huonekana. Sisemi uogelee.

Kuhusu ufukwe: pembeni ya Tower Bridge, ubavuni mwa jengo la zamani la bia, kuna Horselydown Old Stairs, ngazi za mawe zinazoteremka hadi mchangani. Kushuka unaruhusiwa, kwa tahadhari yako mwenyewe. Kisichoruhusiwa bila kibali cha mamlaka ya bandari ni kuchimba au kuokota vitu vya kale, hata kipande cha kiko. Ngazi zina ukoga wa kijani, zinateleza kama sabuni. Na maji hapa hupanda na kushuka karibu mita saba siku za bamvua, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, yaani zaidi ya pwani yetu, tena kwa kasi.

Siku ile na shangazi ilikuwa Juni. Tulifika ngazini saa tisa mchana, maji yamejaa mpaka juu, mawimbi ya boti za watalii yanapiga ukuta. Nikatoa simu nitafute jedwali la maji. Yeye akaniuliza mwezi wa angani una siku ngapi. Nikamwambia kumi na tano.

“Basi bamvua,” akasema. “Kwetu yangejaa kama saa kumi. Weka simu. Twende tukale, turudi usiku.”

Tulirudi saa mbili na nusu, jua la Juni bado liko juu ya daraja. Mto ulikuwa umekwenda mbali, ngazi zote ziko nje, na chini kuna mchanga, kokoto, mifupa ya ng'ombe na misumari ya kutu. Akavua viatu. Nikamwambia maji ni ya baridi. Akanikabidhi viatu.